Ukiogopa filamu ya kutisha, ziba masikio

Kwa miaka mingi nilitazama filamu za kutisha nikiwa nimejifunika uso kwa viganja, nachungulia katikati ya vidole, na bado nilikuwa naruka. Usiku mmoja sauti ya televisheni ilikatika filamu ikiwa imepamba moto: mwanamke yuko peke yake kwenye ngazi, giza limetanda, mlango wa juu unafunguka taratibu. Nikatazama wala sikushtuka. Nilichokiona ni ngazi na mlango, basi. Kumbe nilikuwa nafunika macho bure.

Hofu ya filamu huingilia masikioni. Fidla zinapokwaruza hufanana na ukelele wa mtu aliye hatarini, na ukelele mwili haujui kuupuuza. Hatari zaidi, kwangu mimi, ni ukimya. Muziki ukikatika unatega sikio, na ukishatega sikio hata kishindo kidogo kinakurusha kitini. Katika Cat People, filamu ya 1942, mwanamke anafuatwa usiku. Nyayo nyuma yake zinanyamaza, halafu ghafla mngurumo! Ni basi la abiria limesimama mbele yake. Mbinu hiyo inatumika mpaka leo. Na katika Jaws ya 1975, papa wa bandia aliharibika mara kwa mara hata ikabidi aonekane kwa nadra. Noti za John Williams, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, ndizo zilizomleta papa kabla hajaonekana.

Utamu wa hofu hii? Moyo ukishaenda mbio hautulii papo hapo. Hatari imepita, adrenalini, homoni inayopandisha mapigo ya moyo, bado iko mwilini, na nafuu unayoipata inakuja na nguvu zilezile za hofu. Ndiyo maana ukumbi mzima hupiga mayowe kisha ukaangua kicheko. Lakini lazima moyoni ujue uko salama. Usalama huo ukipungua, labda umefiwa karibuni au uko peke yako usiku wa manane, utamu hauji, kinabaki kiwewe tu. Siku kama hizo acha, tazama kitu kingine. Wala usimlazimishe mtu akae mpaka mwisho.

Mdogo wangu alikuwa akikimbilia chumbani kila tukianza. Siku hizi rimoti nampa yeye: taa inawaka, sauti anaipunguza muziki ukianza kukwaruza, anaipandisha akiwa tayari. Juzi tulifika mwisho wa filamu, nikaangalia namba kwenye kioo. Sauti ilikuwa juu kuliko ninavyoiweka mimi.