Re: Eti roketi ya mwezini ilirushwa hapa Unguja?

Hapana sheikh, hiyo ya babu yako kwamba Wamarekani walirusha roketi ya mwezini kutoka Tunguu imechanganyika, lakini usimcheke mzee maana nusu yake ni kweli tupu. Tunguu palikuwa na kituo cha NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ila hakikurusha kitu, kilikuwa kinasikiliza na kuongea na chombo kwa redio tu. Zama zile chombo kikizunguka dunia, redio yake unaipata kikiwa juu ya upeo wako, yaani dakika chache tu kishapotea, kwa hivyo waliweka vituo 18 hivi duniani na meli mbili zikiwemo, anapoishia mmoja anadaka mwengine. Kinaruka kutoka Florida, kinakatisha Atlantiki, kinapita Kano kule Nigeria, halafu sisi, halafu meli iliyokuwepo Bahari ya Hindi, kisha Australia. Februari 1962 mwanaanga wa Marekani John Glenn alizunguka dunia mara 3 kwa kama saa 5 hivi, na huku kwetu walimdaka (mie hapo ndo najisikia raha wallahi, watu wanajua karafuu tu).

Sasa mwezini ndo hapana. Kituo chetu kilikuwa cha mradi wa NASA ulioitwa Mercury, mtu mmoja kwenye kijichombo kidogo kama bajaji, anazunguka dunia anarudi. Baada ya Mapinduzi 1964 kituo kikafungwa, Armstrong na Aldrin wanakanyaga mwezi Julai 1969 Tunguu hapana chochote miaka mitano sasa. Muulize babu aliziona zile antena kwa macho yake au kahadithiwa barazani, kama aliziona njoo utuhadithie