Tundu la USB-C pekee halitoshi kwa kadi ya grafiki ya nje
Ndugu, umeuliza kama laptopu yako yenye USB-C inaweza kutumia kadi ya grafiki ya nje, yaani kifaa cha kuchakata picha kinachokaa nje ya laptopu, ili uhariri video bila kukwama. Kabla hujatoa hata shilingi, lichunguze tundu hilo. Umbo la USB-C halitoshi. Linatakiwa liwe la Thunderbolt (aina ya muunganisho wa kasi kubwa) toleo la 3 au jipya zaidi, au USB4 inayopitisha PCIe, yaani njia ambayo kadi ya grafiki huitumia kuwasiliana na kompyuta. Mara nyingi pembeni huwa na alama ya radi, lakini soma pia maelezo ya mtengenezaji kuhusu modeli yako.

Ukikuta tundu ni la aina hiyo, utahitaji kasha la kuwekea kadi lenye pawa saplai yake, kadi yenyewe na waya mfupi wa Thunderbolt. Kwa Thunderbolt 3 au 4, waya huo hupitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde, pungufu ya kadi iliyochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani, kwa hiyo sehemu ya nguvu utaipoteza. Upotevu hupungua ukiunganisha skrini ya nje kwenye kadi moja kwa moja, maana picha hazirudi tena kupitia waya uleule. Mimi ningechukua kadi ya daraja la kati. Ile kubwa kabisa itabanwa tu na kasi ya waya.

Jumlisha bei kwanza. Ikikaribia ile ya kompyuta ya mezani iliyotumika, nunua hiyo ya mezani.