Mwiko niliokataa kuuachia: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka hapa Luanda, Vihiga. Ujumbe wako niliupata Jumatano, nikausoma mara mbili peke yangu na mara ya tatu nikamsomea shangazi yako, ambaye, kama unavyomjua, alikuwa amekwisha kutoa jibu kabla sijafika katikati. Unasema kwamba kanisa lenu hapo Kisumu limekuomba uwe shemasi, nawe umewaomba mwezi mmoja wa kufikiri, kwa kuwa kila ukijichunguza huuoni moyo wa mtumishi ndani yako. Kisha unaniuliza moyo huo hupatikanaje, na kama ni halali mtu kuingia kazini kabla hajaupata.

Jibu langu unalijua, kwa sababu umelisikia tangu ulipokuwa ukikataa kumpelekea bibi yako maji ya kunawa: mikono itangulie, moyo utafuata. Wale saba wa Matendo sura ya 6 hawakuitwa kwa kuwa walihisi jambo fulani kifuani. Waliitwa kwa kuwa wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na mjane mwenye njaa hawezi kungoja mpaka mgawaji akomae rohoni. Najua utanikatiza hapo uniambie kwamba sharti lilikuwa wawe watu waliojaa Roho na hekima. Ni kweli, na mimi mwenyewe hushangaa kila nikifika katika mstari huo kwamba sharti zito namna ile liliwekwa kwa kazi ya kugawa chakula. Kwa hiyo huenda uko sawa kujichunguza. Hata hivyo nashikilia neno langu, mikono itangulie, ingawa kuna mahali ambapo neno hilo lilinishinda waziwazi, nawe ulikuwapo ukibeba vikombe.

Sijui unakumbuka kiasi gani cha Januari ya 2008. Ulikuwa na miaka kumi. Matokeo ya kura ya urais wa Kenya yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zikazuka, na baada ya siku chache uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema na turubai za watu waliotoka Molo, Kuresoi na kwingineko wakiwa na magodoro kichwani. Nusu ya wapangaji wa ploti yetu walikuwa wamehama kurudi magharibi. Baba yako alikataa kuhama, na kwa kuwa alikataa, nami nikatafuta la kufanya, nikajiunga na akina mama wa kanisa waliokuwa wakipika uji asubuhi na githeri, mahindi na maharagwe, mchana. Nilipewa sufuria kubwa kuliko zote na mwiko mrefu kama jembe. Basi nilipika. Niliamka saa kumi na moja kila siku, nikakuamsha na wewe, na mikono yangu ilifanya kazi mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Ikiwa mikono peke yake huleta moyo, mimi ningetoka pale mtakatifu.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka upande wa Molo, mnene kidogo, amejifunga leso mbili, akasimama kando ya moto akitazama ninavyokoroga. Aliniambia kwa upole kwamba nyumbani alikuwa na hoteli, kwamba kwa miaka mingi alikuwa akipikia wenye malori, na akaniomba mwiko anipokee kidogo. Nikamjibu kwa sauti ile ya Jumapili ambayo dada yako huiiga mkicheka, “La, mama, wewe umeteseka, kaa tu chini tukuhudumie.” Akanitazama, kisha akasema, “Nimekaa chini siku tisa, mama.” Hakusema kwa hasira. Akaenda zake.

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimkatalia kwa huruma, na hata leo nikitaka kujitetea nina hoja: alikuwa amechoka, moto ulikuwa mkali, na taratibu za kambi hazikuruhusu kila mtu kuingia jikoni. Lakini mwanangu, wewe si mtoto tena, na ninaweza kukuambia ukweli. Wengi wa waliokuwa mle walikuwa wamefukuzwa kwa sababu ya kabila lao, na watu wenye majina kama yetu walikuwa miongoni mwa walionyoshewa kidole. Mwiko ule ulikuwa ushahidi wangu. Kila aliyeniona nimeushika angeona kwamba mama huyu si miongoni mwao. Sikuwa tayari kumpa mtu ushahidi wangu, hata kama mtu huyo ndiye aliyeonewa, na hata kama alijua kupika kuliko mimi.

Siku iliyofuata githeri iliungua. Nilikuwa peke yangu, kuni zilikuwa mbichi, nikawa nikipuliza upande mmoja huku upande wa pili ukishika. Yule mama alinusa kutoka alikokuwa, akaja, asicheke wala asiseme neno. Aliitoa sufuria motoni na kunizuia nisikoroge, kwa sababu ukikoroga kilichoungua unakipeleka katika chakula chote. Akahamisha ya juu polepole katika sufuria nyingine bila kugusa ya chini, akaongeza maji ya moto na vitunguu, na watu wakala. Tangu siku hiyo tulipika pamoja. Lakini sikiliza nilichokifanya: nilizunguka nikiwaambia watu kwamba yule mama alikuwa “akinisaidia.”

Na hilo silo linaloniuma zaidi. Karibu na mwisho, kabla hawajahamishwa, aliniletea uji katika kikombe cha bati, akaushika kwa mikono miwili kama tunavyofanya kwa wageni, akasema, “Leo wewe kunywa kwanza.” Nikamwambia nimeshiba. Sikuwa nimeshiba, sikuwa nimeonja kitu tangu usiku. Aliumwaga ule uji katika sufuria tena, taratibu, akaendelea kugawa. Sikumwona tena, wala sikuwahi kumuuliza jina la mtoto wake wa kwanza ili nijue kumwita mama nani.

Sasa kila ninaposoma Yohana 13 sikai tena upande wa Yesu na beseni lake, mahali ambapo wahubiri wetu hupenda kutuweka. Nakaa kwa Petro, anayesema hatatawadhwa miguu kamwe, akidhani huo ndio unyenyekevu, na anaambiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika naye. Petro angeweza kulishika lile beseni yeye mwenyewe bila shida, tena angelishika kwa nguvu na kwa maneno mengi. Kilichomshinda ni kuitoa miguu yake. Unaniuliza namna ya kupata moyo wa kuhudumu. Mimi nakuuliza kama unaweza kukaa ukahudumiwa, tena na mtu ambaye ulikuwa umejiandaa kumhurumia, na kama unaweza kuuachia mwiko wakati mwenzako anajua kupika kuliko wewe. Huenda hilo siyo ulilouliza. Ndilo nililo nalo.

Juu ya neno lenyewe nitapita upesi. Shemasi kwa Kiyunani ni diakonos, na neno hilohilo ndilo Yohana analowaitia wale watumishi wa arusi ya Kana walioambiwa wajaze maji mabalasi sita ya mawe, ile mitungi mikubwa. Wewe umekulia nyumba ya kuteka maji, kwa hiyo unajua mabalasi ya nzio mbili tatu, kila nzio karibu lita arobaini, ni safari ngapi za kisimani. Mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi, lakini waliochota maji walijua. Napenda kwamba hakuna aliyewatajia majina, na kwamba wao wenyewe hawakuitisha mkutano kueleza.

Utasema, “Mama, basi nikubali au nikatae?” Hapo ndipo ninapojiogopa. Katika Mathayo, kinyume na Marko, aliyekwenda kumwombea Yakobo na Yohana viti vya kuume na kushoto ni mama yao, mke wa Zebedayo, na nilipousoma ujumbe wako mara ya kwanza nilikuwa mama yule kabisa. Niliona umevaa suti ya marehemu baba yako, ukisimama mbele wakati wa sadaka, na mimi katika benchi la tatu nikijifanya natafuta wimbo. Furaha ile ilinijia kabla sijafika mwisho wa sentensi. Kwa hiyo nikikuambia ukubali, hujui ni mimi ninayesema au ni mke wa Zebedayo. Nikikuambia ukatae, nitakuwa najiadhibu mimi kwa kukutumia wewe, na hilo pia si haki. Ulimi unaniwasha, kwa kuwa nina maoni na shangazi yako anajua ni yapi, lakini nimemkataza kukupigia simu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mwezi uliowaomba usiupitishe ukijitazama ndani tu. Nenda jikoni kwenu siku ya semina, uone ni nani anayeosha sufuria watu wakiisha kuondoka, umwombe akufundishe, na akikukatalia kama nilivyomkatalia yule mama, rudi Jumapili inayofuata umwombe tena.

Kuhusu mimi, goti la kushoto bado linanisumbua, na akina mama wa kanisa hapa wamekubaliana kwamba nisibebe maji wala nisikaribie moto. Wameniwekea kiti cha plastiki chini ya mwembe, na msichana mmoja, mjukuu wa fundi aliyetujengea ukuta, ndiye anayeniletea chai. Anaishika kwa mikono miwili. Hii ni Jumapili ya tatu ninakaa pale, na kila mara kabla hajafika karibu nakuta neno “nimeshiba” limekwisha kunijia mdomoni. Mpaka sasa nimeinywa yote, ingawa anaitia sukari nyingi mno.

Mama yako