Barua kwa mwanangu: Asha na Juma, Unguja 1964

Majengo, Moshi

Mwanangu Rehema,

Hatujambo sote, na baba yako anakusalimu. Umeniuliza kwa nini waliousoma muswada wako wanasema hawawaamini Asha na Juma, binti wa nyumba ya Hizbu, chama kilichokuwa upande wa Sultani, na kijana wa Afro-Shirazi, chama pinzani, na kama kosa liko kwenye mazungumzo yao. Sura ulizoleta nimezisoma zote. Mazungumzo yaache yalivyo. Kinachokwamisha hadithi ni kwamba hawa wawili wanapendana Februari vilevile walivyopendana Desemba, na katikati serikali imepinduliwa. Asha aliyekuwa na kwao sasa hana, na Juma aliyekuwa akiomba sasa anaombwa. Hilo halionekani kwenye karatasi.

Kwa hiyo weka kalamu chini kwanza uchore jedwali la safu tatu: tarehe, Asha anaweza nini, Juma anaweza nini. Usianze na 1964. Anza angalau na Januari 1961, uchaguzi ambao kiti cha Chake Chake, Pemba, kiliamuliwa kwa kura moja tu. Kama mama yake Asha ni Mpemba, hapo una sura nzima bila kubuni lolote. Juni mwaka huohuo uchaguzi ukarudiwa, zikazuka fujo, wakafa watu 68. Halafu Julai 1963: Afro-Shirazi ikapata kura zaidi ya nusu lakini viti 13 kati ya 31, Hizbu 12 na chama kidogo cha ZPPP 6 wakaungana wakaunda serikali ya Mohamed Shamte. Hasira ya Juma inatoka kwenye hesabu hiyo. Ukimfanya akasirike kwa sababu tu ni maskini, umemdhulumu.

Miaka ile Wazanzibari wanaiita zama za siasa, na ndiyo sehemu tajiri kuliko zote kwa mwandishi wa mapenzi. Watu walisusiana. Duka la mtu wa chama kingine hununui, basi lake hupandi, na walikuwapo waliosusiana mpaka harusi na maziko. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliokaa na kulima mihogo chini ya minazi na mikarafuu yao, kwa sababu ya kura. Wewe umeandika kwamba wazazi wa Asha "hawakumpenda" Juma. Hayo ni maneno ya hewani. Andika kwamba bibi yake Juma amefariki na hakuna hata mtu mmoja wa nyumba ya akina Asha aliyekwenda kuzika, kisha Asha amtumie Juma ubani kwa mkono wa mtu. Msomaji atajua wamefika wapi.

Mtu huyo wa kati mtafute vizuri. Binti wa ukoo ule hatoki peke yake jioni kwenda ufukweni, kwa hiyo ile sura ya Forodhani haisimami. Ana somo wake, ana mshonaji anayeingia nyumbani, ana taarabu, ana sinema za wanawake peke yao, na ana sikukuu ya Idd pale Mnazi Mmoja ambako mji mzima unachanganyika. Hizo zinakutosha. Kanga nayo inasema, ila usiitumie zaidi ya mara moja. Waandishi wameichosha.

Halafu kuna ndoa yenyewe. Umeweka kizuizi kimoja tu, siasa, nawe unavyo vitatu. Kuna walii, yaani msimamizi wa binti katika ndoa: bila baba au wa upande wa baba, ndoa inakwama. Kuna kufu, yaani kulingana kwa hadhi: baba atasema kijana si kufu wa binti yake kwa nasaba, na neno hilo lina uzito mbele ya kadhi. Na kuna madhehebu: Waarabu wengi wa asili ya Omani walikuwa Ibadhi, watu wengine wengi Shafii, na kila upande ulikuwa na kadhi wake. Juma akitaka kwenda kwa kadhi, swali la kwanza ni kadhi yupi.

Usiwagawe watu kwa rangi. Ndani ya Hizbu walikuwamo Waswahili wengi. Makomredi wa chama cha Umma cha Babu walitoka Hizbu, na miongoni mwao walikuwamo vijana wa Kiarabu waliosimama na mapinduzi. Mpe Asha kaka wa aina hiyo na nyumba yao itagawanyika mezani kabla Juma hajabisha hodi.

Sasa usiku wenyewe, kuamkia Jumapili tarehe 12 Januari. Ulikuwa mwisho wa Shaabani, mwezi umekwisha, kwa hiyo ile mbalamwezi yako uifute. Upepo ni kaskazi, joto, na majahazi ya Arabuni msimu wake ndio huo. Vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni vilivamiwa usiku wa manane, na kilichotafutwa ni silaha, maana wengi walikwenda na mapanga na marungu. Asha wa Mji Mkongwe haoni hata kimoja cha hivyo. Anasikia milio, kisha redioni anasikia sauti ya John Okello, kiongozi wa wapinduzi, Kiswahili kisicho cha Unguja. Sultani Jamshid anaondoka kwa meli Seyyid Khalifa. Siku chache baadaye Ramadhani inaingia, na Idd inaangukia katikati ya Februari. Mfungo mzima ndani ya hofu, nawe umeuruka! Usimpe mhusika yeyote idadi ya waliouawa. Mtu wa mtaani angejua nyumba ya nani imevunjwa na nani hajarudi.

Hapa ndipo penye mtihani wako. Juma ana bunduki na karatasi ya ruhusa, baba yake Asha yuko kizuizini, na Juma analinda mlango wao. Umeandika Asha "akajitupa kifuani pake". Je, angeweza kukataa? Kama hangeweza, hayo si mapenzi bado, na msomaji wa Unguja atalishika jambo hilo kabla yako, kwa sababu anakumbuka 1970, wasichana wanne wa asili ya Kiajemi walipoozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali. Mwandikie Asha mahali anapomkatalia Juma waziwazi, na Juma aendelee kulinda mlango bila kudai kitu, tena kwa hasara: wenzake wamshuku, anyimwe cheo. Acha zipite sura kadhaa kabla Asha hajamwita tena kwa jina.

Mengine ni madogo. Machi 1964 ardhi inakuwa mali ya serikali, na baadaye wakulima wanagawiwa eka tatu tatu. Eka za Juma zikatwe kwenye shamba la baba yake Asha, na akizikubali au akizikataa uwe na sababu. Fedha ni shilingi ya Afrika Mashariki, kwani ya Tanzania ilikuja 1966. Na Juma asiseme "Tanzania" mwezi Mei, kwa sababu jina hilo lilitangazwa Oktoba.

Umetaka wakimbilie huku kwetu Moshi. Inawezekana, ila kabla ya tarehe 26 Aprili Tanganyika ni nchi nyingine. Wasipitie Dar es Salaam wiki ya tarehe 20 Januari, maana askari wa kambi ya Colito, pale Dar, wameasi na kila mgeni anatazamwa mara mbili. Wavushe kwa jahazi hadi Tanga, wapande treni, kama kilomita 350 mpaka hapa. Na walii? Baba yu hai, yu kizuizini. Kaka yake komredi asimame badala yake, akiwa na barua ya idhini kutoka kwa baba. Hiyo barua ndiyo sura ya kuandika kwanza. Ukiimaliza niletee hiyo peke yake.

Mama yako