Barua kwa mwanangu: usiku wa kurudisha mizinga nyuma

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako nimeusoma alfajiri, kabla hata sijawasha moto. Unasema tenki la zege la mradi wenu wa maji ya kijiji limemwagwa wiki mbili tu zilizopita na halijafikisha siku zake 28 za kukomaa. Unasema mlipolijaribu bomba kwa presha, maungio matatu yalivuja. Na uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo: mgeni rasmi ameshaalikwa, fulana zimeshachapishwa tarehe, wanakijiji wameshachanga mbuzi. Kisha ukaniuliza, "Mama, kiongozi akishatangaza siku halafu akarudi nyuma, nani atamfuata tena?"

Nimeona nikuandikie barua, kwa sababu kwenye simu ningekukatiza na wewe ungenikatiza.

Nitakujibu kwa habari za mtu mmoja ambaye niliwafundisha watoto wa watu miaka mingi, na sehemu yake iliyo muhimu kuliko zote sikuwahi kuwafundisha. Mitihani iliuliza sababu za vita na matokeo yake. Haikuuliza habari za usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, mwaka 1954, na mimi nilifuata mitihani.

Mtu huyo ni Vo Nguyen Giap wa Vietnam. Alikuwa mwalimu wa historia kama mama yako. Alifundisha shule ya Thang Long mjini Hanoi, na waliosoma kwake walisimulia jinsi alivyokuwa akivichora vita vya Napoleon ubaoni. Chuo cha kijeshi hakukipitia. Kikosi chake cha kwanza, alichokianzisha msituni Desemba 22, 1944, kilikuwa na watu 34. Miaka tisa baadaye alikuwa jenerali wa miaka 42 anayepigana na Wafaransa, wakoloni waliorudi kuikalia nchi yake baada ya Vita Kuu ya Pili.

Wafaransa walikuwa wamejichimbia katika bonde la Dien Bien Phu, karibu na mpaka wa Laos, zaidi ya askari 10,000. Chakula, risasi, dawa, kila kitu kiliwafikia kwa ndege. Bonde limezungukwa na milima yenye misitu, na wao waliamini hakuna jeshi litakaloweza kupandisha mizinga mikubwa huko juu, kusiko na barabara. Giap akaipandisha. Malori yaliivuta mpaka yaliposhindwa, kisha watu wakashika kamba. Mzinga mmoja wa milimita 105 una uzito wa zaidi ya tani mbili. Walivuta usiku ili ndege zisiwaone, hatua kwa hatua, na nyuma ya kila gurudumu alikuwepo mtu na gogo lake, tayari kulisukumia chini mzinga ukianza kurudi. Unajua jinsi lori la mahindi linavyokwama mlimani pale kwetu, utingo akikimbia nyuma na kigingi. Sasa toa injini ya lori, weka watu mia gizani.

Kabla Giap hajafika huko mbele, makamanda wake na washauri wa Kichina walikuwa wamekwisha kukubaliana juu ya mpango: shambulio la haraka, liishe kwa usiku tatu na mchana mara mbili. Watu walikuwa na ari. Tarehe ikawekwa Januari 20, ikasogezwa mpaka 25 kwa sababu mizinga ilichelewa, ikasogezwa tena siku moja baada ya habari kumfikia adui. Giap alikuwa na wasiwasi tangu siku za mwanzo lakini hakuwa na ushahidi wa kutosha kuupinga mpango ambao kila mtu aliupenda. Soma hapo tena, mwanangu, maana ndipo ulipo wewe leo. Tofauti ni kwamba wewe ushahidi unao, unadondoka kwenye maungio matatu.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 hakulala. Kichwa kilimuuma mpaka tabibu wake akamfunga majani ya dawa kwenye paji la uso. Asubuhi alikwenda hivyo hivyo, na majani yake kichwani, kumwona mkuu wa washauri wa Kichina, Wei Guoqing, ambaye alimuuliza kulikoni. Akamwambia ukweli: tukipiga leo tutashindwa. Jeshi letu halijawahi kuvunja ngome kubwa kiasi hiki. Askari wa miguu na wa mizinga hawajawahi kupigana pamoja kwa ukubwa huu, wala hawajafanya mazoezi. Tumezoea kupigana usiku, na bonde lile ni wazi, tutapigwa na ndege mchana kutwa. Mshauri akamsikiliza, akakubali.

Halafu Giap akaita kamati yake. Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. Mmoja aliogopa kwamba askari wameshaandaliwa moyoni, ukiwarudisha watavunjika. Mwingine aliyeshughulikia chakula alisema tukichelewa, mchele hautatosha. Hoja hizo hazikuwa za kijinga hata kidogo, na wewe pia utaambiwa za namna hiyo, zenye ukweli ndani yake. Giap akawauliza swali moja: tuna hakika kamili ya kushinda? Ho Chi Minh, kiongozi wao mkuu, alikuwa amempa mamlaka yote ya uwanjani walipoagana, akamwagiza apige akiwa na hakika ya ushindi, na asipige kama hana. Hakuna aliyeweza kujibu kwamba anayo hakika hiyo. Shambulio likaahirishwa saa chache kabla ya kuanza.

Na mizinga? Ikarudishwa. Kamba zile zile, njia zile zile, watu wale wale ambao viganja vyao vilikuwa bado vina malengelenge. Usiku mmoja kamba ilikatika, mzinga ukaanza kuporomoka, na kijana aitwaye To Vinh Dien akajitupa kwenye gurudumu ili usiende korongoni. Alikufa. Alikufa katika kurudi nyuma, si katika kushambulia. Nimefikiri sana mama yake aliambiwa nini.

Giap mwenyewe aliuita uamuzi ule mgumu kuliko yote katika maisha yake ya ukamanda. Mtu huyu alipigana na Wafaransa, akapigana na Wamarekani, akaishi miaka 102. Katika yote hayo, kilichomwelemea zaidi ni siku aliyosema "bado".

Sikufichi, hakuwa mtu wa kuhurumia damu sikuzote. Mwaka 1951 aliwatuma watu wake wazi wazi kwenye tambarare za Vinh Yen, ndege za Wafaransa zikawamwagia moto wa napalm, wakafa kwa maelfu. Na hata Dien Bien Phu, baada ya kuahirisha, maelfu walikufa. Mimi ni mzazi, siwezi kukusomea ushindi wake kama shairi. Lakini nadhani bila Vinh Yen asingeujua ule uzito kichwani uliomnyima usingizi. Alikwisha kuona jinsi watu wanavyolipia tarehe ya mkubwa wao.

Sasa nikwambie kitu ambacho hujawahi kukisikia kwangu. Ulikuwa mdogo, darasa la pili nadhani. Nilikuwa nasimamia safari ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Wazazi walikuwa wamelipa, watoto wamekesha wakipiga pasi sare zao, tarehe imetangazwa mstarini. Asubuhi ile nililizunguka basi na nikaona matairi ya nyuma yamekwisha, yamekuwa laini kama kiganja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Niliona, nikanyamaza, kwa sababu wote walikuwa wamekwisha kupanda na wanaimba. Kwenye kona ya tope basi likateleza, likalala ubavu mtaroni. Hakufa mtu. Msichana mmoja alivunjika kiwiko, na mkono wake haunyooki mpaka leo. Namwona sokoni, ananiamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mwalimu," na ananipimia dagaa kwa mkono ule. Hakuna aliyenilaumu, walisema ni ajali. Mimi najua nilisimama nyuma ya basi dakika ngapi.

Kwa hiyo ukiniuliza nani atakufuata ukirudi nyuma, najibu kama mtu aliyeogopa kurudi nyuma: wale watoto wangenichukia kwa siku moja tu.

Ila usiahirishe ukiwa mikono mitupu. Kutoka Januari 26 mpaka Machi 13, siku Giap aliposhambulia kweli, zilipita siku 46, na sidhani kama kuna jeshi lililofanya kazi kama lile katika siku hizo. Divisheni moja aliituma upande wa Laos, ili macho ya Wafaransa na ndege zao ziifuate huko. Njia za mizinga zilichimbwa na kupanuliwa. Mizinga iliwekwa ndani ya mapango yaliyochimbwa kwenye ubavu wa mlima, mdomo tu ndio ulioonekana, na mingine ya uongo ya magogo ikawekwa pembeni ili ipoteze mabomu ya adui. Mchele aliouogopa yule wa chakula ulikuja. Wananchi zaidi ya 260,000 waliingia kazini, na baiskeli kama 20,000.

Baiskeli zenyewe ningependa uzione. Hazikuendeshwa, zilisukumwa, kama vijana wetu wanavyosukuma mkaa kutoka kule porini. Mti wa mwanzi ulifungwa kwenye usukani ili msukumaji aweze kukata kona akiwa ubavuni, mti mwingine ukasimamishwa nyuma ya kiti wa kushikia mzigo usilale. Fremu iliongezewa mbao au vyuma, matairi yakavishwa matambara kwa ndani yasipasuke. Baiskeli moja ikabeba zaidi ya kilo 200, wengine walipita 300. Baba yako alinibebea magunia mawili ya mpunga kwa baiskeli mwaka tuliooana na akajisifu mwezi mzima!

Mizinga ilipolia jioni ya Machi 13, Wafaransa hawakujua inatoka wapi. Ngome ya kwanza ilianguka usiku ule ule. Kanali Piroth, mkuu wa mizinga wao, aliyekuwa amewahakikishia wakubwa wake kwamba mizinga ya adui ataizima mara moja, alijiua siku mbili baadaye. Baada ya siku 56, Mei 7, ngome yote ilisalimu amri. Ndani yake walikuwemo Waaljeria na Wamoroko waliopiganishwa kwa ajili ya Ufaransa, na Novemba mwaka ule ule Algeria nayo ikaanza vita vyake vya uhuru. Hilo ndilo nililolifundisha darasani.

Kwa mambo yako, fanya hivi. Kesho au keshokutwa mwone mkurugenzi wako peke yake, kabla ya kikao, kama Giap alivyomwona yule mshauri kwanza. Usimwambie "nina wasiwasi". Mpeleke kwenye yale maungio, ayaone kwa macho yake, na umpe tarehe ya zege kukomaa. Kisha kaa na mafundi wako, waulize swali la Giap mmoja mmoja, na fundi mkuu awe wa mwisho ili wadogo wasimfuatishe.

Jambo moja usimwige. Aliwapigia simu makamanda akaamuru mizinga irudi, akawaambia watii na hatatoa maelezo. Vita vina siri zake. Wewe huna siri hiyo. Wanakijiji waliochimba mtaro kwa majembe yao wana haki ya kuelezwa kwa nini wanasubiri, na waelezwe na wewe, umesimama mbele yao, usimtume mtendaji wa kijiji. Waambie maungio yaliyovuja ni ya kazi yako. Usiwatajie fundi aliyeyafunga. Kuna bibi atakayekuuliza amepika pombe ya nini. Msikilize mpaka amalize.

Na wape kazi ya kufanya katika siku hizo. Vituo vya kuchotea maji umeniambia havijazungushiwa uzio. Mbuzi wale hawaharibiki, watanenepa.

Mjomba wako anakuja huko Jumatano. Nitampa karanga, unga wa ulezi, na lile sweta uliloliacha. Ukishatoka kwa mkurugenzi nipigie, hata iwe usiku wa manane. Simu nitailaza kwenye mto.

Mama yako