Saa 3,000 na Karatasi Zake: Kwa Anayesomea Ushauri Nasaha California

Ndugu zetu wanaotoka Nairobi, Dar es Salaam au Bukavu kuja kusomea ushauri nasaha Marekani huuliza kwanza kuhusu chuo na karo, kisha mtihani, na mwisho kabisa, pengine wiki chache kabla ya mahafali, ndipo huuliza kuhusu leseni. Ningependa mpangilio huo ugeuzwe. Nina leseni ya California, nimewahi kuwa upande wa anayesimamiwa na sasa niko upande wa msimamizi, na neno ninalowaambia wote wanaonipigia simu ni lile lile: bodi haihesabu kazi uliyofanya, bali kazi uliyokuwa na haki ya kuifanya siku ile ulipoifanya, chini ya msimamizi anayestahili, na yenye karatasi iliyotiwa saini kwa wakati wake.

Hakuna leseni moja ya Marekani nzima. Kila jimbo lina sheria na bodi yake. Virginia ilitangulia kutunga sheria ya leseni ya washauri mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho mwaka 2009. Hata jina la leseni hubadilika: Texas ni LPC, Washington ni LMHC, hapa kwetu ni LPCC. Texas hudai saa 3,000 za kazi inayosimamiwa, 1,500 kati yake zikiwa za kukaa na wateja, katika muda usiopungua miezi 18. Minnesota, kwa leseni yake ya LPCC, hudai saa 4,000. California hudai saa 3,000 baada ya shahada ya uzamili, 1,750 kati yake zikiwa za kuwashauri wateja moja kwa moja, katika muda usiopungua wiki 104, pamoja na mtihani wa taaluma uitwao NCMHCE na mtihani mwingine wa sheria na maadili ya California. Kwa hiyo binamu yako aliyeko Dallas anaweza kukueleza ukweli mtupu kuhusu Dallas, na ukweli huo ukakupotezea mwaka mzima San Diego. Upo pia mkataba wa majimbo unaowawezesha washauri wenye leseni kufanya kazi katika jimbo jingine, lakini hadi mwaka 2025 California haikuwa imejiunga.

Jambo la kwanza linalowachanganya wanafunzi ni saa za mafunzo kwa vitendo. Shahada inayokubalika kwa LPCC ina angalau yuniti 60 za mihula na saa 280 za kuwashauri wateja ana kwa ana ukiwa bado mwanafunzi. Saa hizo ni za kukupatia shahada, na haziingii katika zile 3,000. Mwenzako mnayekaa naye darasani, anayelenga leseni ya tiba ya ndoa na familia, huruhusiwa kuhesabu hadi saa 1,300 alizozipata kabla ya shahada. Mnasoma vitabu vile vile na pengine mnafanya mazoezi katika kliniki ile ile, lakini yeye hesabu yake imekwisha kuanza na yako bado. Ukijua hili mapema, hutakubali kubebeshwa wateja wengi kupita kiasi katika mwaka wa mwisho kwa tumaini la kutangulia.

Baada ya shahada kutolewa, huna budi kusajiliwa na Bodi ya Sayansi za Tabia, ambayo wengi huiita BBS kwa herufi zake, uwe mshauri mshiriki, yaani APCC. Bodi huchukua muda kushughulikia maombi, na hapo ndipo kanuni ya siku 90 inapohitajika: ombi lako likiifikia bodi ndani ya siku 90 tangu tarehe ya kutolewa shahada, saa ulizofanya wakati ukisubiri namba yako zinaweza kuhesabiwa. Sharti lake ni kwamba mwajiri awe amekutaka upige alama za vidole kwa mfumo wa Live Scan, na uwe umezipiga, kabla ya saa ya kwanza kufanyika, na fomu ya kupigia alama hizo utaitoa miaka miwili au mitatu baadaye unapoomba leseni. Karatasi hiyo ni nyepesi na ni rahisi kupotea, kwa hiyo ipige picha siku hiyo hiyo. Jambo jingine ni kwamba kanuni hii haikuruhusu kuanza katika ofisi ya mshauri binafsi. Huko huwezi kugusa mteja mpaka namba ya usajili itoke.

Aliye na viza ya mwanafunzi ana hesabu nyingine ya kufanya, nami huona ajabu kwamba vyuo huitaja kwa nadra sana. Kibali cha kazi baada ya masomo, OPT, kwa kawaida ni cha miezi 12, na kinaweza kuombwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza masomo. Sheria ya California inataka wiki 104. Hata ukifanya kazi usiku na mchana hutaweza kuzikusanya zile saa 3,000 ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu bodi haihesabu zaidi ya saa 40 kwa wiki. Zungumza na wakili wa uhamiaji ukiwa mwaka wa kwanza, wala usingoje mwaka wa mwisho. Bodi yenyewe si kikwazo upande huu: tangu sheria ya mwaka 2014, bodi za leseni za California hupokea namba ya mlipakodi ya ITIN kutoka kwa asiye na namba ya hifadhi ya jamii, na hazikunyimi leseni kwa sababu ya hali yako ya uhamiaji.

Ukipata kazi, tazama utalipwa vipi. Mshauri mshiriki hupata saa zake akiwa mwajiriwa anayepewa fomu ya kodi ya W-2 au mtu wa kujitolea. Akilipwa kama mkandarasi kwa fomu ya kodi ya 1099, saa hizo hazihesabiwi, na haidhuru msimamizi wake ni hodari namna gani. Watu wetu tumezoea 1099 kupitia udereva na usafirishaji wa mizigo, basi mtu akipewa mkataba wa aina hiyo haoni tatizo. Vile vile huruhusiwi kupokea malipo kutoka mkononi mwa mteja. Mteja hulilipa shirika, na shirika hukulipa wewe.

Kuna kazi ambazo wasemaji wa Kiswahili hufanya kwa wingi hapa, hasa San Diego katika mtaa wa City Heights wanakoishi wakimbizi wengi wa Kongo: ukalimani hospitalini, kuwapokea wageni wapya, kuwashauri waumini kanisani au msikitini. Ni kazi za heshima, na sheria inawaruhusu viongozi wa dini kushauri katika huduma yao bila leseni. Lakini mkalimani aliyekaa miaka mitano kati ya daktari wa akili na mgonjwa hajapata hata saa moja ya leseni, na mchungaji naye hajapata. Ikiwa shirika linakuajiri kama mshauri mshiriki, kisha kila siku linakuita kukalimani kwa sababu ni wewe pekee unayejua Kiswahili, sema mapema na uandike barua pepe. Nimeona watu wema wakimaliza mwaka kwa namna hii huku fomu zao zikiwa karibu tupu.

Msimamizi awe amekuwa na leseni hai kwa angalau miaka miwili kati ya mitano iliyopita, asiwe jamaa yako, na leseni yake uitafute mwenyewe katika tovuti ya serikali ya jimbo, ambako kila mtu huruhusiwa kutazama. Usione haya kufanya hivyo kwa kuwa ni mzee au umetambulishwa naye na mtu unayemheshimu. Katika kila wiki unayoidai unahitaji saa moja ya usimamizi ukiwa peke yako au na mwenzako mmoja, ama saa mbili katika kundi la watu wasiozidi wanane. Na ukipitisha saa 10 za kushauri wateja katika wiki hiyo, unahitaji usimamizi mwingine wa kiasi hicho hicho. Daftari la saa hutiwa saini kila wiki. Binti mmoja ninayemsimamia alikuja kwangu akitoka katika shirika ambalo msimamizi wake alihamia jimbo jingine bila kusaini fomu ya uthibitisho, ikabidi amtafute kwa miezi kupitia watu wa tatu. Tangu hapo, mtu yeyote akiniambia anaacha kazi, swali langu la kwanza ni kama fomu imesainiwa.

Katika jamii yetu, ukivaa nguo safi na ukakaa katika ofisi ya kliniki, wazee watakuita daktari. Sheria inakutaka umweleze mteja, kabla ya kuanza, kwamba hujapata leseni, kwamba unasimamiwa, nani mwajiri wako, na namba yako ya usajili. Mimi huwashauri wanaoanza walieleze hili kwa Kiswahili cha kawaida: "Mama, mimi bado niko mafunzoni kisheria, na haya tunayozungumza humu msimamizi wangu huyajua pia." Katika jamii ambamo kila mtu anamjua shangazi wa kila mtu, sehemu hiyo ya mwisho ndiyo mteja anayotaka kuielewa hasa. Mweleze pia, kabla hajaanza kusimulia, kwamba ukishuku mtoto ananyanyaswa utalazimika kupiga simu mara moja na kuandika ripoti ndani ya saa 36. Wengine hunyamaza wakisikia hivyo, na wana haki ya kunyamaza.

Mteja akihamia Texas au Ohio, kama wakimbizi wengi wanavyofuata ndugu na kazi, usiendelee naye kwa simu ukidhani uhusiano wenu unakuruhusu. Kinachoangaliwa ni mahali alipo mteja wakati wa kikao, kwa hiyo kila kikao cha mtandaoni kianze kwa kumwuliza yuko wapi, na jibu liandikwe. Na kwa mwenye leseni ya Kenya, chini ya Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014: leseni hiyo haihamishiki hapa. Shahada yako itapelekwa kwa taasisi ya tathmini iliyo mwanachama wa NACES, chama cha taasisi zinazotathmini shahada za nje, masomo yaliyopungua utayasoma hapa, na jambo hilo ulianze kabla ya kukata tiketi ya ndege, kwa sababu chuo chako cha nyumbani ndicho kitakachotakiwa kutuma nakala za matokeo na mihtasari ya kozi.