Kwa nini wapinzani wa Kombe la Amerika huchujana kwanza?

Swali: Mwaka 2024 kule Barcelona, katika Kombe la Amerika la mbio za vyombo vya matanga, Waingereza walitwaa Kombe la Louis Vuitton, yaani mchujo wa wapinzani, na mwezi huohuo wakafungwa na New Zealand, mtetezi aliyekuwa akilishikilia Kombe. Kwa nini wapinzani wachoshane wenyewe kwanza? Utaratibu huu ulianza lini?

Jibu: Kuchoka wanachoka, ndugu yangu, lakini bila mchujo huo sidhani kama Kombe la Amerika lingetoka kwa klabu ya New York iliyokuwa ikilishikilia.

Kombe lilipatikana mwaka 1851, pale chombo cha milingoti miwili kiitwacho America kiliposhinda mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight, Uingereza. Tangu hapo mpinzani alikuja mmoja mmoja. Alivuka Atlantiki akamkuta mtetezi ameshanolewa na Wamarekani wenzake msimu mzima. Mchujo wa kwanza ulifanyika mwaka 1970, Gretel II ya Australia ikakitoa chombo cha Wafaransa kiitwacho France. Kombe la Louis Vuitton likaanza mwaka 1983 mjini Newport, vyombo 7 vikishindana.

Mshindi alikuwa Australia II. Watu hukumbuka mkuku wake, ule uti wa chini ya chombo: ulikuwa na mabawa chini, uzito ukakaa chini zaidi, na chombo kiligeuka upesi mno kilipopiga bisha, yaani kwenda kwa kupinda huku na huku dhidi ya upepo. Kilipopandishwa kutoka majini kilifunikwa kitambaa, mkuku usionekane. Lakini mimi ninayefundisha matanga naitazama zaidi timu. Katika mbio za Kombe lenyewe walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Liberty, chombo cha mtetezi, wakasawazisha. Katika mbio za saba, za kuamua, Liberty ilianza kipande cha tano cha njia ikiwa mbele kwa sekunde 57, upepo ukiwa nyuma yao. Australia II ikatafuta upepo wake, ikapita. Utulivu ule haupatikani kwa mazoezi ya peke yako. Walikuwa wameshindana na wapinzani wenzao miezi mitatu. Miaka 132 ya New York ikaisha.

Baada ya hapo washindi wa mchujo walilichukua Kombe mwaka 1987, 1995, 2003 na 2017. Mwaka 2010 mchujo haukuwepo, na mwaka 2021 ulishindaniwa kwa jina la Prada.

Basi Waingereza? Waliitoa Luna Rossa ya Italia kwa mbio 7-4, kazi nzito, kisha wakafungwa 7-2. Kumbuka jambo moja: safari hiyo New Zealand, mtetezi, aliruhusiwa kukimbia na wapinzani katika raundi ya mwanzo, ingawa pointi zake hazikuhesabiwa. Faida ya kupimana na wengine, ambayo mchujo ulimpa mpinzani, naye aliionja.